Chumvi kwenye mtungi

Siku niliyouonja mtungi kwa ulimi ndipo nilipojua ninachoufanyia mmea wangu. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imeshika, saa tisa ya mchana, wakati ambapo hata paka wa Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, huwa wamejilaza kwenye madaka ya milangoni hawana haja na mtu. Mmea wenyewe ni monstera, ule wa majani makubwa yenye mipasuko, na umekaa ndani ya mtungi wa marehemu bibi yangu, ule uliovunjika shingo tangu mimi mdogo. Niliutoboa tundu chini nikaujaza udongo. Kwa miezi kadhaa mtungi ule ulikuwa ukiota ukungu mweupe kwa nje, kuanzia kitakoni ukipanda hadi tumboni. Nikidhani ni chokaa. Nyumba zetu za mawe hupukutisha chokaa mwaka mzima. Umefagia asubuhi, jioni wafagia tena. Siku hiyo nikapitisha kidole, nikakitia mdomoni. Chumvi. Chumvi kali, kama ile inayobaki mkononi ukitoka kuogelea ukakaukia juani.

Juu ya mtungi huo majani yote saba ya monstera yalikuwa na kingo za kahawia, kavu, zikivunjika ukizigusa, kana kwamba mtu ameyapitisha motoni moja baada ya jingine. Na mimi nilikuwa nikiyamwagilia kila siku ya Mungu.

Naandika haya kwa sababu tangu mmea ule upone, kila anayeingia nyumbani huniuliza nimeufanya nini, na wengi wanaouliza wamekwisha kupoteza wao mmoja au wawili. Wote husema neno lile lile: sisi tuko nchi ya joto, mmea huu ni wa nchi ya joto, vipi ufe? Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Nilinunua monstera hii Malindi, kando ya barabara, miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa na majani manne, moja tu lina mpasuko. Aliyeniuzia aliniambia niimwagilie asubuhi na jioni, nisikose hata siku moja, na mimi nikaamini kwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi yake. Nikaipakata ndani ya basi, nimeifunika kwa leso isipigwe na upepo wa dirishani, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, kisha boti. Nilipofika gatini kijana wa kubeba mizigo aliniangalia akaniuliza, "Dada, gimbi hilo la kupanda wapi?"

Hakukosea sana. Monstera na magimbi ni jamaa wa ukoo mmoja. Ukitazama kikonyo kinavyotoka kwenye shina, kimekumbatia kama mkono wa kanzu, na jani changa linavyotokea limeviringika, utauona undugu huo. Na kama vile gimbi lisiloiva linavyowasha koo, ndivyo jani la monstera litakavyomwasha mtoto akilitafuna, kwa sababu ile ile: ndani yake mna fuwele ndogo ndogo kama sindano. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au paka mwenye tabia ya kuguguna majani, iwekwe mahali wasipofika.

Kwao ni kusini mwa Meksiko kushukia Guatemala hadi Panama, kwenye misitu ya mvua. Mtaalamu wa mimea wa Denmark, Frederik Liebmann, ndiye aliyeupa jina la kitaalamu, *Monstera deliciosa*, mwaka 1849. Hilo neno la pili ni kwa ajili ya tunda lake, ambalo huliwa likiiva kabisa na huchukua karibu mwaka mzima kuiva. Ndani ya nyumba ni nadra kuzaa, nami sitarajii. Nilichotaka mimi ni majani.

Nilipoanza kutafuta mafunzo ya kuitunza, nilisoma mengi, na karibu yote yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanahangaika na hewa iliyokaushwa na vipasha joto, wananyunyizia majani maji, wananunua mashine za kutoa mvuke, wanaogopa dirisha lililo wazi usiku. Nikayafuata. Nikanunua chupa ya kunyunyizia, nikawa naipulizia mara mbili kwa siku, Lamu, ambako nguo ukianika usiku asubuhi ni mbichi kuliko ulivyozianika! Joto tunalo, unyevu wa hewa tunao wa kumwaga. Hatukupungukiwa na vitu hivyo hata kidogo. Vinavyotupungukia, katika nyumba zetu hizi za mawe, ni viwili tu: mwanga, na maji matamu. Na juu ya hivyo viwili sikupata aliyeniambia neno.

Nianze na mwanga.

Nyumba ya Lamu ilijengwa kulikimbia jua. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene unaokaribia urefu wa mkono wako mpaka kiwikoni na zaidi. Upande wa kichochoroni madirisha ni machache, na vyumba vyenyewe ni vyembamba, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, hauzidi mita tatu. Mwanga hauingii kutoka nje. Huingia kutoka juu, kupitia kiwanda. (Kwa wasiokuwa wa huku: kiwanda chetu si cha kutengeneza bidhaa, ni ua wa ndani ulio wazi juu.) Kutoka kiwandani waingia msana, ukumbi ulio wazi kuelekea kiwanda, kutoka msana waingia ndani, na kila ukivuka mlango mmoja mwanga unapungua, joto nalo linapungua. Wazee walikusudia hivyo, na mwezi wa tatu ukirudi kutoka sokoni utawaombea rehema.

Lakini jicho hudanganya. Ukikaa chumba cha ndani dakika tano, jicho linazoea, unaona kila kitu sawasawa, hata unaweza kusoma. Mmea hauna jicho la kuzoea. Kwake mwanga ni chakula, na chumba kile kina njaa. Mimi niliiweka monstera yangu ndani, chini ya zidaka, yale mashubaka ya ukutani, kwa sababu palikuwa pazuri: ukuta mweupe, sahani za kale za bibi, na majani ya kijani chini yake. Wageni walisifu. Kwa miezi mitatu ilitoa majani mawili, madogo kama kiganja, hayana mpasuko hata mmoja, kwenye vikonyo virefu vyembamba vilivyoinamia mlangoni kama mtu anayechungulia nje.

Kipimo nilichojifunza baadaye ni rahisi. Saa sita mchana, weka kiganja juu ya karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea. Ukiona kivuli cha mkono chenye vidole vinavyohesabika, japo kingo zake hazikukatika vizuri, pana mwanga wa kutosha. Ukiona doa tu lisilo na umbo, au usione kitu, mmea utaishi kwa kula akiba yake, na akiba huisha. Chumba changu cha ndani hakikutoa hata doa. Msana ulitoa vidole vitano.

Nikauhamishia msanani mwezi wa kumi, ukaanza kufurahi. Jani la kwanza lililotokea pale lilikuwa na mipasuko minne. Nikadhani nimemaliza kazi. Ulipofika mwezi wa sita, katikati ya kusi, upepo baridi, mawingu yanapita, nikaona jani kubwa kuliko yote limepata baka jeupe kama karatasi, upana wa kikombe. Limeungua. Sikuelewa vipi jua liunguze mwezi wa sita lisiunguze mwezi wa kwanza, wakati mwezi wa kwanza ndio wa joto.

Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu tangu nizaliwe. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini ya ikweta. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, na mwezi wa sita limeinama huko nyuzi 25 hivi. Mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini. Na nyumba yetu, kama nyingi za kale hapa mjini, imejengwa kwa kuelekea kibla, na kibla yetu watu wa Lamu iko kaskazini karibu kabisa. Kwa hivyo msana unatazama kaskazini. Miezi ya kaskazi jua liko mgongoni mwa nyumba, msana unapata mng'ao mtupu unaodunda kwenye kuta za kiwanda. Miezi ya kusi jua linachungulia moja kwa moja mpaka pale ulipokaa mtungi. Nimesali katika nyumba ile miaka yote sikuwahi kuliona. Siku hizi mwezi wa tano naurudisha mtungi nyuma hatua mbili, mwezi wa tisa nausogeza mbele tena. Basi, hakuna jingine.

Kuna habari moja kuhusu mmea huu na giza ambayo naipenda sana. Mwaka 1975 watafiti wawili, Donald Strong na Thomas Ray, walieleza kuhusu aina moja ya monstera ya Amerika ya Kati ambayo mche wake ukichipua kutoka kwenye mbegu hauelekei kwenye mwanga kama mimea mingine. Huelekea gizani. Hutambaa sakafuni mwa msitu ukifuata pale penye kiza kingi zaidi, kwa sababu kiza hicho ni kivuli cha shina la mti mkubwa, na mti huo ndio utakaoupanda. Ukishagusa shina, hapo hugeuka na kuanza kuutafuta mwanga juu. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka vile nilivyokuwa nikiiona monstera kama kitu cha kuwekwa kwenye kona kikapendeza. Kumbe ni mpanda miti. Hiyo mizizi minene ya kahawia inayotoka hewani, ambayo shangazi yangu alitaka niikate akisema inaleta uchafu, ni mikono yake ya kujishikilia.

Ami yangu alikuwa akitengeneza dari la nyumba yake, akanipa kipande cha boriti kuukuu, kimekaa kwenye dari hilo miaka mingi, kikavu kama mfupa. Nikakizungushia usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, nikakifunga kwa kamba ya usumba pia, nikakisimamisha katikati ya mtungi. Na hapa ndipo, bila kujua, nilipozidisha ubaya uliokuwa umeanza.

Turudi kwenye chumvi.

Chumvi ilikuwa imeingia kwa milango mitatu, na yote niliifungua mimi. Wa kwanza ni maji ya kisima cha nyumbani. Maji yale tunaogea, tunafulia, tunaoshea viwanda na misana. Hatuyanywi, maana yana chumvi. Mtoto wa Lamu anajua tofauti ya maji ya kuoga na ya kunywa kabla hajajua kuhesabu. Lakini mmea niliupa ya kuoga. Sikuona kuwa mmea nao unakunywa.

Wa pili ni huo usumba. Makumbi ya nazi huku kwetu hufukiwa ufukweni, maji ya bahari yanapwa na kujaa juu yake miezi, mpaka yalainike, ndipo yapondwe na kusokotwa kamba. Usumba mzuri kwa kamba, lakini umekunywa bahari. Mimi niliuchukua vile vile, nikauzungushia boriti, na mwingine nikauchambua nikauchanganya na udongo, kwa kuwa kila mahali wanasifu nyuzi za nazi kwa mimea ya ndani. Sifa ni ya kweli, ila za kwetu lazima zioshwe kwanza.

Wa tatu ni vijiwe vya matumbawe nilivyovitandika chini ya mtungi ili maji yashuke vizuri, na mchanga niliouchota ufukweni. Hata bila chumvi, vijiwe vile havisaidii. Maji hayashuki haraka kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe. Hutuama pale pale juu ya mawe mpaka udongo ushibe, na mizizi inakaa ndani ya matope. Na matumbawe ni chokaa. Yanaufanya udongo kuwa wa aina isiyopendwa na mmea huu, hata majani yakaanza kuwa ya manjano kati ya mishipa.

Mwenye kunifungua macho ni mzee wa Shela, kijiji cha jirani, aliyekuwa akituletea maji ya kunywa kwa punda. Siku ile niliyoonja mtungi ndiyo siku yake ya kuja. Aliposhusha madumu kiwandani nilimwonyesha majani.

Nikamwambia, "Ami, naumwagilia kila siku, mbona unakauka?"

Akachuchumaa, akaminya udongo, akanusa vidole. "Mwanangu, mti huu una kiu na hali umekaa majini. Waupa maji gani?"

Nikamwonyesha kisima.

"Hata punda wangu hayanywi hayo."

Niliona haya. Lakini alichosema ndicho kilivyo. Mzizi huvuta maji kwa sababu maji ya ndani ya mzizi ni mazito kidogo kuliko ya udongoni, na maji siku zote huelekea pale palipo pazito. Udongo ukijaa chumvi mambo yanapinduka: maji yapo, yameuzunguka mzizi, lakini hayaingii. Mmea unaonyesha dalili za kiu. Mwenye mmea anaona kiu, anaongeza maji ya kisima, na kila kikombe kinaleta chumvi yake. Maji yanakauka na kupotea hewani, chumvi inabaki. Kisha ile kidogo inayopenya mzizini hubebwa na maji hadi mwisho wa safari, kwenye kingo za jani, na pale maji yanapotoka kuwa mvuke chumvi haina pa kwenda. Ndiyo maana ukavu huanzia kingoni na nchani, hauanzii katikati. Tangu nijue hilo, naweza kuingia nyumba ya mtu nikaona jani kwa mbali nikajua anatumia maji gani.

Jioni ile nilinunua kwa yule mzee madumu mengine mawili, ya lita 20 kila moja. Maji ya Shela yanatoka chini ya vilima vya mchanga. Mvua hushuka mchangani, ikajikusanya juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Yakivutwa kwa pupa, ya chini hupanda. Kwa hiyo si maji ya kuchezea, na nilijua kuna watu wangeniona mjinga kuyamwaga kwenye mtungi wa majani. Niliuweka mtungi juu ya vigae viwili kiwandani, tundu likiwa wazi, nikamimina polepole, kikombe baada ya kikombe, nikaacha yatoke chini, nikamimina tena. Mtungi wangu unachukua kama lita 12. Nilipitisha karibu lita 35, kuanzia baada ya magharibi mpaka saa nne usiku. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Niliyaonja pia. Ya mwisho yalitoka karibu meupe, na ulimi haukushtuka.

Baada ya wiki mbili, ulipotulia, nikaung'oa wote, nikatupa vijiwe na mchanga, nikaukata mzizi wowote uliokuwa mweusi na laini, wenye harufu ya kitu kilichooza. Mzizi mzima ni mgumu na una rangi ya maziwa. Udongo mpya niliutengeneza hivi: udongo mwekundu uliotoka bara, vipande vya mkaa vya ukubwa wa kunde, vigae vilivyopondwa, usumba uliolowekwa kwenye maji ya mvua na kubadilishwa maji mara nne, na konzi mbili za samadi ya punda ya zamani, iliyokwisha kugeuka udongo kabisa. Samadi mbichi usithubutu. Ina joto na ina chumvi yake. Mkononi mchanganyiko huo ukiubana unashikana, ukiuachia unamong'onyoka.

Kumwagilia sasa ni kwa kidole. Natia kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa na ubichi, naondoka. Pakiwa pakavu, namimina mpaka maji yatoke chini, na kisahani nakimwaga, sikiachi kimetuama. Wakati wa kaskazi huwa ni kila siku ya tano au ya sita. Masika na kusi, siku kumi zinaweza kupita. Ile amri ya asubuhi na jioni ingeuoza mmea huu hata kwa maji ya mvua.

Maji ya mvua ndiyo napenda kuyaeleza zaidi. Wenzetu wa visiwa vya juu wamekuwa wakikinga mvua kwenye majabia, matangi ya kuwekea maji, tangu zamani, na nyumba nyingi za kale hapa mjini zina birika la maji, na mna visamaki vidogo ndani vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Sisi la kwetu tulikuwa tumeliacha kavu tangu bibi afariki. Masika ya mwaka uliofuata mamangu na mimi tulilisugua, tukaliziba ufa kwa chokaa, tukaelekeza mlizamu wa sakafu ya juu ndani yake. Mvua mbili za kwanza tunaziacha ziende zake, zinaosha kinyesi cha njiwa na vumbi. Ya tatu tunaikinga. Nilianza kwa ajili ya mmea. Sasa mamangu anapikia wali kwa maji hayo na kusema mchele unaiva mweupe zaidi.

Jani la kwanza baada ya kupona lilikuja siku ya 40 na kitu. Naomba msomaji anivumilie nilieleze, kwa sababu nililingojea kama mtu anavyongojea barua. Kwanza kikonyo cha jani la juu kilivimba ubavuni. Kisha ukatokeza ncha kama kalamu, kijani cha embe bichi, kimeviringika kimekaza. Kila asubuhi kalamu ilikuwa ndefu kwa upana wa kidole. Siku ya tisa ukingo mmoja uliachia, ukafunuka kidogo kidogo kutoka nje, nami niliona mipasuko tayari ipo humo, imekatwa kabla jani halijaona mwanga. Hakuna upepo uliolichana. Lilikuwa laini kama sikio la mbuzi mchanga, linang'aa, na kwa siku kadhaa sikuthubutu kuligusa. Lilikuwa na mipasuko saba, na karibu na mshipa wa kati matundu mawili madogo ya mviringo.

Kwa nini lina matundu, watu wametoa maelezo mengi. Linaloniingia akilini ni la Christopher Muir, aliloandika mwaka 2013: chini ya msitu mwanga hufika kwa vimulimuli vya jua vinavyohamahama, na jani lenye matundu hutandaa eneo kubwa zaidi kwa nyama ile ile, kwa hiyo linakutana na vimulimuli hivyo mara kwa mara badala ya kupata siku moja na kukosa siku nyingi. Nikitazama msana wetu, jua likipita kati ya majani ya mpapai wa kiwandani na kuchezacheza ukutani, naona jambo hilo kwa macho.

Asubuhi mapema, baada ya kumwagilia, utakuta kwenye ncha za majani yamening'inia matone ya maji, moja moja, safi. Shangazi alipoyaona mara ya kwanza alisema mmea unalia, akataka kusoma Fatiha. Si umande, na haulii. Usiku hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayapati njia ya kutoka kama mvuke, na mizizi inaendelea kuyasukuma, basi hutokea nchani. Enzi za chumvi sikuliona tone hata moja. Sasa nikiamka alfajiri huyaangalia kabla sijawasha jiko.

Wadudu si habari ndefu. Mwezi wa kwanza, vumbi likizidi, utitiri huja chini ya majani. Utaona utando mwembamba na vitone vya manjano. Napangusa jani juu na chini kwa kitambaa kibichi, kisha naponda majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja na kupaka jioni, siku tatu tatu mpaka wamalizike. Kupangusa vumbi la chokaa ni kazi ya kila Ijumaa hata kama hakuna mdudu, maana jani lililofunikwa chokaa halipati mwanga. Na wenye nyumba za Shela mbele ya bahari wasiiweke kwenye baraza wakati wa kusi. Upepo ule unabeba bahari.

Mwezi uliopita binamu yangu aliolewa, akahamia mtaa wa Langoni. Nilimkatia kipande: chini ya kifundo, chenye jani moja na mzizi mmoja wa hewani. Kilikaa wiki tano kwenye gudulia la glasi, maji ya birika nikiyabadilisha kila siku ya nne, mpaka mizizi ikawa mirefu kama kidole. Nilimpelekea mwenyewe kwa miguu, nimekifunika kwa leso. Pamoja nacho nikambebea dumu dogo la maji ya mvua, lita tano, kwa kuwa kisima chao nakijua.

Jana jioni amenipigia simu. Anauliza dumu limebaki robo, na masika bado, afanyeje? Nimemwambia yule mzee wa Shela bado anapita Jumatano na Jumamosi.